King of Fighters XIV: macho yamegoma, vidole vimekubali

Kinyozi wa mlango wa pili alikuja kuomba chenji ya elfu kumi. Akakuta nimemsimamisha Kyo kwenye skrini, naangalia nywele zake. Akabaki mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi.

"Huyu nani?"

"Kyo."

"Kyo yupi?"

"Kyo Kusanagi. Kyo wetu."

Alicheka, aisee. Alicheka mpaka mteja aliyemwacha kwenye kiti akatoka na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, aje kuona kinachochekwa. "Mbona amekuwa kama kale kamdoli ka juu ya keki ya harusi?" kinyozi akauliza. Sikuwa na la kumjibu. Nywele zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya alizeti, uso hauna hata kunyanzi, na suti ya shule tuliyomzoea nayo hayupo nayo tena.

Naanza na hilo kwa sababu ukinunua diski hii ya King of Fighters XIV (KOF XIV), gemu la ngumi ambalo Kyo ni mmoja wa wapiganaji wake, utakutana nalo kabla hujagusa pedi ya kuchezea.

Mimi ni fundi wa pedi hapa Majengo, Moshi. Mbele nina meza ya kazi, nyuma ya pazia nina chumba chenye PS4 mbili ambapo vijana wanacheza kwa kulipia. Kinacholeta hela pale ni mpira. Mechi moja ya mpira shilingi 500, na Jumamosi foleni inafika barazani. Ngumi huwa naweka kwenye mashine ya pili mchana, shule zikiwa hazijafunga, kwa wale wachache wanaozipenda. Diski ya KOF XIV niliipata ya mtumba kule Mbuyuni, kwa kijana anayeuza chaja na waya, shilingi 30,000. Kasha limepasuka, diski safi. Wala sikuwa nikiitafuta. Nililiona jina tu mkono ukaenda mfukoni wenyewe.

Jina lile lina historia na mimi. King of Fighters ilianza mwaka 1994, ya kampuni ya SNK ya Osaka, kwenye mashine zao za Neo Geo. Wazo lilikuwa kuwakusanya wababe wa magemu yao mengine, Terry na Andy wa Fatal Fury, Ryo na Robert wa Art of Fighting, na kuwapanga watatu watatu. Huwaingizi kwa zamu upendavyo. Wa kwanza akilala anaingia wa pili, na aliyeshinda anabaki uwanjani na damu, yaani uhai, aliyobakiza, anaongezewa kidogo tu. Kwa hiyo unaweza kubaki na mtu mmoja, mpinzani bado ana watatu, ukawakung'uta wote. Hakuna utamu kama huo, na hakuna aibu kama ya kuupokea.

Sisi ilitufikia kwa CD za kunakili kwenye PS1 na TV ya chogo, yenye mstari wa kijani upande wa kulia ambao mwenye kibanda alikuwa anautuliza kwa kofi. Kati ya mtu na mtu gemu lilikuwa linapakia muda mrefu kiasi kwamba unaweza kwenda kununua karanga ukarudi. Baadaye tukaikuta KOF 2002 kwenye kompyuta za mgahawa wa intaneti, wawili kibodi moja, viwiko vinagongana. Kibodi za bei rahisi zilikuwa hazisomi vitufe vingi kwa mara moja, na kinyozi huyuhuyu aligundua kwamba akishikilia vitatu vya kwake, vya kwangu vinakufa. Nilipigwa wiki nzima nikidhani nimerogwa.

Miaka yote hiyo wapiganaji walikuwa michoro. Kila mkao, kila ngumi, kila kunyanyua mguu ni picha iliyochorwa, na picha zikipitishwa haraka unaona mtu anapigana. Mchoraji ana uhuru wa kudanganya. Ngumi ikifika usoni anaweza kuichora kubwa kuliko kichwa kwa nukta moja ya sekunde, jicho lako likapata kishindo bila kujua limedanganywa. Mwaka 2009, kwenye toleo la XII, SNK walichora upya kila kitu kwa ukubwa wa TV za kisasa. Ilipendeza kweli, lakini ikatoka na watu 22 tu kwenye mashine za nyumbani, na Mai Shiranui, yule mpiganaji wa kike, wakamwacha nje. Fikiria KOF bila Mai. XIII ikaja kurekebisha mengi, michoro ileile, na kwangu mimi hakuna gemu la ngumi lililowahi kuwa zuri kwa macho kuliko lile. Ila kuchora namna hiyo ni kazi ya kufilisi. Kila mtu mpya ni mamia ya picha za kuanza sifuri, na hata nguo ikibadilika ni kurudi kwenye karatasi.

Ndiyo maana XIV, iliyotoka Agosti 2016 kwenye PS4, ikaruka kwenda 3D. Unaunda mwili mmoja wa kompyuta wenye mifupa ndani, unaufundisha kutembea na kupiga. Na matunda yake yako palepale kwenye ukurasa wa kuchagua: watu 50, timu 16 na mabosi wawili. Kutoka 22 hadi 50. Wote wako ndani ya diski, sikuombwa hela ya ziada isipokuwa kwa wale wanane walioongezwa baadaye, na hao sijawanunua.

Tuseme ukweli, KOF ilikuwa imeshakanyaga 3D kabla ya hapo. Mwaka 2004 kulikuwa na Maximum Impact ya PS2, ambayo ilikuwa tawi la pembeni, na mle unaweza kumzunguka mwenzako kwa kukwepa ubavuni. Niliicheza kwa shemeji yangu kule Pasua. Ilikuwa gemu la watu waliovaa nguo za KOF, basi. Wengine nao walishapita njia hiyo: Mortal Kombat 4 mwaka 1997 iliwaacha waigizaji wa kupigwa picha ikaingia kwenye miili ya kompyuta, na Street Fighter ilijaribu na EX mwaka 1996, ikarudi kwenye michoro, ikaja kutulia na IV mwaka 2008. IV ndiyo iliyoonyesha dawa. Fanya mwili wa 3D, lakini pambano liache kwenye mstari uleule wa zamani, mbele na nyuma, juu na chini. Aliyeongoza XIV, Yasuyuki Oda, alikuwa mtu wa SNK toka zamani, akaondoka, akafanya kazi kwenye hiyo Street Fighter IV, akarudi SNK mwaka 2014. Ukijua hilo, unaielewa XIV nzima.

Sasa, uso wa Kyo. Walipoionyesha mara ya kwanza Septemba 2015, watu dunia nzima waliicheka hivihivi kinyozi alivyocheka. Walisema ni gemu la PS2 lililopotea njia. SNK walisikia. Januari 2017 wakatoa toleo la 1.10 lililorekebisha mwanga, ngozi na vivuli kwa watu wote. Diski yangu ilikuwa haijasasishwa. Kwa hiyo nikaiwasha kwanza vilevile ilivyo, ndipo kinyozi akamwona mdoli wake. Jioni nikaunga simu, nikaacha mashine ishushe sasisho, na bando langu la wiki likaisha usiku huo huo. Asubuhi mdogo wangu akapiga simu analalamika hanipati WhatsApp.

Imebadilika? Imebadilika. Ngozi ina rangi ya ngozi. Moto wa Kyo unamulika kifuani kwake na kwa anayepigwa. Mikunjo ya nguo inaonekana. Lakini mfupa ni uleule. Anapogeuka kusema maneno yake ya ushindi, macho yanatazama mahali pasipo na mtu, na mdomo unafunguka kama wa samaki wa Nyumba ya Mungu akiwa kwenye sinia. Wengine wametoka vizuri zaidi. King of Dinosaurs, mwanamieleka wa Meksiko mwenye kinyago cha mjusi, amependeza kwa sababu hana uso wa kukosea. Chang na mpira wake wa chuma anapendeza. Kanuni niliyoigundua: kadiri mtu anavyofichwa uso au anavyokuwa na mwili wa ajabu, ndivyo 3D inavyomkubali. Warembo na watanashati ndio walioumia.

Kuna kitu kingine kilichopotea, na hiki kilinichukua siku mbili kukitambua. Kishindo. Kwenye XIII teke zito likiingia unalisikia kwenye meno. Hapa teke lilelile linaingia, cheche zinaruka, damu inapungua, lakini mwili unaopigwa unajikunja kwa adabu. Mifupa ya kompyuta haidanganyi, na ngumi zinahitaji uongo kidogo.

Siku ya kwanza nililaumu pia uzito wa pedi. Nabonyeza, namsubiri mtu aitike. Nikasema basi, 3D ndiyo imeua kila kitu, gemu limekuwa zito. Nikaanza hata kuwaambia wateja. Kumbe TV. Hizi flati nyingi zinaipitisha picha kwenye mapambo yake kwanza, zinalainisha, zinaongeza rangi, ndipo ziionyeshe. Chogo halikuwa na mambo hayo. Niliingia kwenye mipangilio ya TV, nikaweka upande wa gemu, nikazima mapambo yote. Nikarudi. Kyo akaitika kabla sijamaliza kubonyeza. Nililisingizia gemu kosa la TV yangu mwenyewe, na mimi ni fundi. Fanya hivyo kabla hujaandika matusi yako.

Na hapo ndipo diski hii ilipoanza kunilipa.

Kinyozi alirudi siku ya Jumatano, jioni, mvua ya masika imefukuza wateja wake. Akakaa kwenye kreti la soda. "Haya, tuone hao wadoli." Nilichagua Kyo, Benimaru na Daimon, timu ya Japani, kama ninavyochagua tangu nikiwa na sare ya shule ya msingi. Yeye akaweka Ralf, Chin, na wa mwisho Iori. Chin ni yule mzee wa kibuyu anayepigana amelewa. Hapa Moshi hahitaji kutambulishwa, kila kilabu cha mbege kina wake.

Raundi mbili za kwanza alikuwa anacheza kama mtu aliyeingia nyumba yake amekuta samani zimehamishwa. Anatafuta umbali. Ngumi zake zinaishia sentimita moja kabla ya uso wangu. Ralf akalala, Chin akalala. Akaingia Iori, na moto wake wa zambarau. Kwenye XII na XIII walikuwa wamemnyang'anya moto, akawa anatumia kucha. Hapa amerudishiwa, na kinyozi alipouona alikaa wima.

Niwaeleze kidogo kuruka, maana KOF ni kuruka. Kwenye magemu mengi ya ngumi kuna mruko mmoja. Huku iko minne tangu KOF '96. Ukishikilia kishale cha juu mtu anaruka juu kabisa. Ukikigusa na kuachia papo hapo, kama unagusa sufuria ya moto, anaruka chini chini, mruko wa mtoto anayevuka mtaro. Ukigusa kwanza chini kisha ukagusa juu mbele, ni mruko ule ule mdogo lakini unaenda mbali. Na ukigusa chini kisha ukashikilia juu mbele, anapaa. Huo mdogo ndio roho ya gemu. Aliyeinama anakinga mateke ya chini. Shambulio linalotoka hewani lazima alikinge amesimama. Na mruko mdogo ni mfupi kiasi kwamba ukishauona umeshachelewa. Tofauti kati ya mruko mdogo na mkubwa ni muda ambao kidole gumba kinakaa juu ya raba. Nukta. Nimefungua pedi nyingi sana, na za wacheza mpira zinakufa vijiti vya analogi, vinaanza kutembea vyenyewe. Za wacheza KOF zinakufa raba ya vishale, na siku zote ni upande wa chini na wa mbele. Raba inachimbika shimo la umbo la kidole.

Basi Kyo wangu ameinama pembeni, anasubiri. Iori akaruka mruko mdogo. Nikasimama nikakinga. Hakupiga. Alinivuka kichwa, na akiwa ameshanipita, mgongo wake ukiwa kwangu, akarusha teke la nyuma likanipata kisogoni. Teke lile! Nilikuwa nakinga upande wa kulia, yeye amepigia kushoto. Lile ndilo alilonimalizia hela ya daftari mwaka 2003. Hajaligusa zaidi ya miaka kumi, ana watoto watatu na kitambi, na gumba lake likalitoa kama lilivyokuwa, kwenye gemu ambalo alikuwa hajawahi kulicheza, kwa mtu ambaye uso wake haumjui.

Akaniangalia. Mimi nikamwangalia. "Lipo," akasema.

Lipo. Kila kitu kipo. Kujiviringisha kwa kubonyeza mraba na eksi pamoja kupo, na kumkamata aliyejiviringisha mwishoni kupo. Pigo la kumrusha mtu kwa pembetatu na duara lipo. Nusu duara ya moto wa Kyo inataka mwendo uleule wa gumba. Nilijaribu kwa makusudi kuangalia pembeni, ukutani, nikicheza kwa sauti na vidole tu, na kwa sekunde kama ishirini nilikuwa kwenye mgahawa ule, na harufu ya kapeti yake iliyolowa. Wamehamisha nyumba nzima, matofali yote mapya, lakini ngazi wameziacha na urefu uleule wa kukanyaga, kiasi kwamba unazipanda gizani.

Alinipiga watatu kwa mmoja. Iori peke yake. Nitaliandika hapa kwa sababu ameniambia nisipoliandika ataliandika yeye.

Mambo mapya yapo, na mengine nayapenda kwa shingo upande. Kuna kitu wanakiita Rush. Ukiwa karibu na mtu ukabonyeza mraba mfululizo, gemu lenyewe linakupangia mapigo, na ukiwa na nguvu kwenye mita, ile inayojaa kadiri unavyopigana, linamalizia na pigo kubwa. Mara ya kwanza nilikasirika. Nimekaa miezi kujifunza kombo moja ya Kyo, yaani mapigo yanayofuatana, dogo wa darasa la tano anaingia, anaparamia batani moja, anatoa kitu kinachofanana nayo! Halafu nikaangalia sanduku la hela. Zamani mtoto mgeni kwenye KOF alikuwa anapigwa bila kutoa hata pigo moja, anaondoka, harudi. Sasa anaona mtu wake anafanya mambo, anapiga kelele, analipia tena. Na Rush ikikingwa imekwisha, inamwacha wazi, na damu inayotoa ni kidogo. Tatizo ni kwamba wengi wanabaki hapohapo. Nina mteja, kijana wa bodaboda, miezi miwili sasa batani anayoijua ni moja. Ile batani ya pedi yangu imeshaanza kulala.

Mita ya nguvu nayo wameipanga kwa akili. Mtu wako wa kwanza anaweza kuhifadhi nguvu tatu, wa pili nne, wa mwisho tano. Kwa hiyo mpangilio wa timu una hesabu: yule anayekula nguvu nyingi unamweka nyuma, mchumia timu unamweka mbele. Kinyozi alilijua hilo bila kuambiwa. Kamera nayo, kwenye yale mapigo makubwa ya mwisho yanayoitwa Climax, inaacha mstari, inazunguka na kukaribia. Ndipo pekee 3D inapoonyesha kwa nini imekuja. Ukimwona yule kibabu Tung Fu Rue, mwalimu wa timu ya China, anavyotuna misuli kutoka kuwa kama fimbo hadi kuwa kama gunia la mahindi, chumba kizima kinapiga kelele. Mkubwa wa hadithi mpya ni Shun'ei, kijana anayepigana kwa mikono mikubwa ya ajabu, ambaye hajanigusa. Mwenzake Meitenkun, anayepigana amebeba mto na usingizi machoni, ndiye watoto wa hapa wanamgombania. Wanamwita Zamu ya Usiku.

Majina mengine waliyowapa wapiganaji: Iori ni Mwezi, kwa ule mwezi wa mgongoni. Choi ni Kucha. Benimaru ni Umeme Umerudi.

Hadithi usiinunulie. Kuna mashindano, kuna tajiri Antonov anayejiita bingwa, kuna dude linaitwa Verse linatokea mwisho, linajaza skrini na kukuudhi. Sauti zote Kijapani, maandishi chini. Kuna sehemu ya kufundishwa, na ya majaribio ya kombo ambayo imenisaidia, ya kupigana hadi uishiwe, na ya kushindana na saa. Kwenye mtandao nilijaribu usiku mmoja kwa simu, na ule mruko mdogo niliosema ni wa nukta, ulikuwa unafika umeshapitwa na wakati. Gemu hili ni la watu wawili kwenye kreti moja. Kwa mtandao tafuta XV ya mwaka 2022, ambayo njia yake ya kuunganisha wachezaji ni bora mbali, na sura za watu nazo wamezitibu: Kyo wa XV ningemtambua hata stendi. Ila ya mtumba hutaipata Mbuyuni, mimi bado sijaiona.

Upande wa biashara, KOF XIV kwenye kibanda ni afadhali kuliko nilivyotegemea. Pambano la watatu kwa watatu linachukua dakika nne tano, natoza 300, wa kushindwa anainuka, anakaa mwingine. Kwa saa moja linakaribiana na mpira mchana wa siku ya kawaida. Jumamosi usijaribu, utapigwa wewe. Ila weka akiba ya raba, na usiwape pedi yako nzuri.

Kwa shilingi 30,000 sirudishi. Kwa 60,000, ambayo niliiona kwa jamaa mwingine palepale Mbuyuni, ningemwachia. Kama KOF kwako ni ile sura ya XIII, michoro, jasho, vivuli, utaudhika kila mtu anapofungua mdomo, na sitakulaumu. Kama ni kidole gumba, nunua.

Mteja wa kichwa nusu alirudi siku ile akamaliziwa, bure. Kinyozi sasa anakuja kila jioni saa mbili, akishafunga. Hela halipi, anasema tumalizane mwisho wa mwezi kwa kuninyoa, nami nina kipara. Jana alileta pedi yake mwenyewe, ya zamani, aliyoitoa uvunguni. Nimeifungua. Raba ya kishale cha chini imechimbika hadi upande wa pili.